Je, wajua kwa nini mpango B wa ofisi hufa siku moja na mpango A?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilianza kusuasua Tanzania na nchi kadhaa za huku kwetu, na kufika Jumatatu asubuhi kuna ofisi zilikuwa na kampuni mbili za intaneti, ruta mbili, bili mbili kila mwezi, na zote mbili hoi. Hapo mhasibu yeyote ana haki ya kuuliza: sasa ile ya pili tulikuwa tunalipia nini?

Mipango ya dharura ya ofisi, iwe ya mafuriko, moto, umeme au ugonjwa wa mlipuko, karibu yote inasimama juu ya wazo moja kwamba kitu muhimu kiwe na cha akiba. Hapo hakuna ubishi. Shida iko kwenye hesabu tunayoipiga kichwani. Tunasema laini ya kwanza inafeli mara moja kati ya 100, ya pili nayo mara moja kati ya 100, basi zote mbili kwa pamoja ni mara moja kati ya 10,000, tulale. Mwenye hela anaongeza ya tatu, sasa anajiona yuko kwenye moja kati ya milioni, na muuzaji wa vifaa hawezi kumbishia maana ndo biashara yenyewe. Hesabu hiyo darasani unapata vema. Ila ina sharti ambalo watu hawalisomi: kufeli kwa kimoja kusiwe na uhusiano wowote na kufeli kwa kingine. Sharti likivunjika haimaanishi hesabu imepungua kidogo, inaweza kuporomoka yote, ukabaki na ile moja kati ya 100 ya mwanzo huku unalipa mara mbili.

Chukulia umechonga funguo mbili za geti, halafu zote umezitia kwenye pochi moja. Ufunguo mmoja ukivunjikia kwenye kitasa, wa pili unakuokoa, kwa hiyo akiba imefanya kazi yake na wala hukupoteza hela. Sasa kibaka apite na bodaboda aichomoe pochi. Hapo hata ungechonga funguo kumi ukazitia humo humo ungelala nje tu. Na angalia kitu kimoja cha ajabu, kila ufunguo ukiukagua peke yake ni mzima, unafungua, hauna kosa. Kosa haliko kwenye ufunguo wowote, liko kwenye pochi, na kwenye ripoti ya ukaguzi hakuna mstari wa pochi.

Pochi ya Mei 2024 ilikuwa chini ya bahari. Mikongo miwili, yaani nyaya za intaneti zinazolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika siku hiyo hiyo upande wa Afrika Kusini, kaskazini ya Durban. Kwa hiyo kampuni mbili zenye majina tofauti, matangazo tofauti na mafundi wanaovaa fulana za rangi tofauti zinaweza kabisa kuwa zinapitisha data yako kwenye njia moja. Na kwa nini isigeuzwe ipite kaskazini? Kwa sababu tangu Februari mikongo kadhaa, Seacom ikiwemo, ilikuwa imeshakatika Bahari ya Shamu, na anayeshukiwa zaidi ni nanga ya meli ya Rubymar, iliyopigwa kombora karibu na Yemen, wenyewe wakaikimbia, ikabaki inaelea huku nanga yake iko majini. Kenya walikuwa na unafuu fulani, wana mkongo wa TEAMS unaotoka Mombasa kwenda Fujairah, Falme za Kiarabu, yaani njia nyingine kabisa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa New York, usiku wa 29 Oktoba 2012, kimbunga Sandy. Hospitali ya Bellevue walifanya kile ambacho kila mtu angeshauri, jenereta waliziweka ghorofa ya 13, maji yafike huko vipi? Hayakufika. Lakini dizeli iliyokuwa inazilisha hizo jenereta ilipandishwa na pampu, na pampu zilikuwa besimenti, chini ya ardhi. Na usiwacheke, sheria za zimamoto za mji ule zinabana kiasi cha mafuta kinachoruhusiwa kukaa ghorofa za juu, kwa hiyo tangi kubwa lilibidi libaki chini. Besimenti ikajaa maji, pampu zikafa, ikabidi watu wapange foleni kwenye ngazi wakipandisha mafuta kwa mikono mpaka ghorofa ya 13. Jengo la 75 Broad Street, kwenye data senta (chumba cha kompyuta zinazohifadhi tovuti za watu) ya kampuni ya Peer 1, mambo yalikuwa hayo hayo ila wao ngazi zilienda mpaka ghorofa ya 17, na waliobeba ndoo walikuwemo wafanyakazi wa kampuni ambazo seva zao zilikuwa humo. Jenereta za hospitali kule Marekani hujaribiwa kila mwezi kwa dakika 30, na siku ya jaribio besimenti ni kavu.

Korona ikaja na pochi ya aina nyingine kabisa. Mipango mingi ilikuwa na jengo la akiba, likiungua hili tunahamia lile, ila safari hii majengo yote yalikuwa mazima, tatizo watu. Vituo vya huduma kwa wateja vilivyozoea kutegeana, Manila ikizidiwa India inashika, vilijikuta Luzon, kisiwa chenye Manila, imefungwa tarehe 17 Machi 2020 na India nzima tarehe 25. Singapore, yenye kumbukumbu ya mlipuko wa ugonjwa wa SARS wa 2003, ofisi nyingi zilishagawa watu mwezi Februari, timu A na timu B zisikutane kabisa. Kimantiki ndo kugawa pochi kwenyewe, japo huwezi kusema kwa uhakika iliokoa kiasi gani maana barakoa na kufanyia kazi nyumbani vilifuata muda si mrefu, na timu A na B wanaotumia lifti moja na kantini moja bado ni timu moja yenye majina mawili.

Kwa hiyo kabla hujasaini laini ya pili ya intaneti waulize wauzaji: data yetu inatoka nchini kwa mkongo gani, na ule ukikatika inapita wapi? Wengine watakujibu hapo hapo. Wengine watakutumia brosha.