Povu lililotoboa bawa la Columbia: dhana potofu na ukweli

Ukimwambia mtu kwamba chombo cha angani cha Marekani, Columbia, kiliangamizwa na kipande cha povu, atakuuliza: povu kama la godoro? Ndiyo, la jamii hiyohiyo. Lilipulizwa juu ya tangi kubwa la nje ili haidrojeni ya kimiminika isipate joto na barafu isigande juu ya tangi. Kipande kilichobanduka Januari 16, 2003 hakikufika hata kilo moja.

"Kitu chepesi hakina madhara." Hapa wameteleza hata wataalamu. Wepesi ndio uliokuwa hatari yenyewe. Sekunde ya 82 tangu kuruka, Columbia ilikuwa imeshapita mara mbili ya kasi ya sauti. Povu lilipoachia, upepo ulilikamata na kulififisha mwendo papo hapo, kama ganda la ndizi linavyorudi nyuma likirushwa nje ya dirisha la basi lililo mbioni. Chombo chenyewe hakikupunguza. Kikalivaa kwa tofauti ya mwendo ya takriban kilomita 800 kwa saa. Jiwe la uzito uleule, kwa kuwa ni dogo zaidi na upepo haulishiki sana, lisingepoteza mwendo haraka hivyo, kwa hiyo lingegonga polepole zaidi.

"Columbia ililipuka ikipaa." Hapana, hiyo ni Challenger, mwaka 1986. Columbia ilikaa angani siku 16. Ilivunjika Februari 1 juu ya Texas, ikirudi nyumbani, hewa yenye moto mkali ilipopenya bawa la kushoto. Watu wote saba walikufa, zikiwa zimebaki kama dakika 16 watue.

"Hakuna aliyeona." Waliona, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Siku moja tu baada ya kuruka, picha za kamera zilionyesha pigo lile. Wahandisi waliomba bawa lipigwe picha likiwa angani. Maombi yao hayakufika popote. Povu lilikuwa limeshadondoka safari nyingi na vyombo vikarudi salama, basi likazoeleka.

Wengine husema vigae vya kukinga joto vilivyo tumboni mwa chombo ndivyo vilivyoharibika. Uchunguzi ulielekeza kwenye ukingo wa mbele wa bawa, wenye mabamba ya kaboni iliyoimarishwa.

Julai 2003, huko San Antonio, wachunguzi walifyatua povu la ukubwa kama ule kwa mzinga wa gesi, wakilenga bamba namba 8. Lilitoboka tundu la upana wa sentimita 40 hivi, la kupitisha kichwa cha mtu mzima.