Barua ya mapendekezo ya chuo cha udaktari Marekani: bosi wako wa zamani anaombwa nini hasa?

Barua za kusemewa na mtu mwingine tunazo nyingi, na ndipo mkanganyiko unapoanzia. Ipo barua ya utambulisho, ile unayoifuata kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa unapotaka kufungua akaunti ya benki au kumdhamini ndugu mahakamani. Inasema huyu ni mkazi wetu, inagongwa muhuri, basi. Kipo cheti cha utumishi, anachokupa mwajiri siku unaondoka: ulianza lini, ulimaliza lini, ulifanya kazi gani. Halafu ipo barua ya mapendekezo, ambayo mtu anaeleza wewe ni mfanyakazi wa namna gani, kwa sababu alikuona.

Sheria zenyewe zinazitofautisha. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamlazimisha mwajiri kutoa cheti cha utumishi kwa aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi. Kifungu hicho hicho kinaendelea kusema kwamba hakuna mwajiri anayelazimika kuandika juu ya tabia au utendaji wa mtu. Tanzania nako, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka cheti kitolewe. Kwa hiyo cheti unakidai. Barua ya mapendekezo unaiomba, na unayemwomba ana haki ya kukataa bila kutoa sababu.

Aliyesomea udaktari nyumbani huenda hajawahi kukutana na barua hii. Tanzania unaingia na matokeo ya kidato cha sita, PCB yako (fizikia, kemia na biolojia) ikiwa imesimama. Kenya ni alama za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na mgao wa KUCCPS, chombo kinachogawa nafasi za vyuo. Hakuna anayemuuliza bosi wako chochote, na wengi hata bosi hatujawa naye katika umri huo. Marekani ni tofauti. Kule udaktari unasomwa baada ya shahada ya kwanza, na kati ya shahada na chuo cha udaktari watu wengi hupita kazini mwaka mmoja, miwili, hata kumi. Waswahili walioko kule wanazijua kazi hizo vizuri: CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, kwenye nyumba za wazee, kutoa damu hospitalini, kubeba wagonjwa kwenye ambulensi, kukaa pembeni ya daktari ukimwandikia maelezo ya mgonjwa. Siku ya kuomba chuo ikifika, swali linakuja: yule aliyenisimamia, naweza kumwomba barua?

Unaweza, na mara nyingi unapaswa. Ila elewa kwanza barua hiyo inakaa wapi kwenye mfuko wa maombi.

Vyuo vingi vya MD, shahada ya udaktari iliyozoeleka zaidi, hupokea maombi kupitia AMCAS, mfumo unaoendeshwa na AAMC, chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani. Vyuo vya DO, shahada ya udaktari wa osteopathia, vina mfumo wao, AACOMAS, na vyuo vya umma vya Texas vina TMDSAS. AMCAS inaruhusu barua zisizozidi 10 kwa mwombaji, lakini kila chuo kinajiamulia kinataka ngapi na kutoka kwa nani. Vingi vinataka walimu wa sayansi waliokufundisha darasani. Barua ya bosi haifuti hitaji hilo. Mtu aliyemaliza chuo miaka 6 iliyopita na hana mwalimu anayemkumbuka asijidanganye kwamba bosi atamtosha. Asome masharti ya kila chuo, na penye utata awaandikie watu wa udahili. Huwa wanajibu.

Sasa, ndani ya barua kunatakiwa nini? AAMC wenyewe hawaiiti barua ya mapendekezo. Wanaiita barua ya tathmini, na mwongozo wao kwa waandishi unasema wazi kwamba mwandishi atoe picha sahihi ya mwombaji, kuliko kumpigia debe. Aseme anamfahamu tangu lini na kwa nafasi gani. Aeleze alichokiona mwenyewe. Akiweza amlinganishe na wengine aliowasimamia. Nyuma ya hayo kuna orodha ya sifa 17 ambazo vyuo vinazitafuta kwa mwombaji, na ukiisoma unaona kwamba nyingi hazipimiki kwa mtihani: kutegemeka, huruma, kushirikiana na wenzako, kubadilika hali inapobadilika, kujua mipaka ya maadili. Profesa wa kemia atayaonea wapi hayo? Yeye alikuona mstari wa tatu kati ya wanafunzi mia mbili. Aliyekuona saa tisa usiku, umechoka, mgonjwa anapiga kelele na mwenzako wa zamu hajatokea, ni msimamizi wako.

Hapo ndipo ilipo thamani ya barua ya bosi, na ndipo wengi wanapoikosea. Wanamkimbilia mwenye cheo. Nimeshaona mtu akimwacha msimamizi wa zamu aliyekaa naye miaka miwili, akamwendea mkurugenzi aliyemsalimia mara tatu kwenye lifti, kwa sababu tu jina la mkurugenzi lina herufi nyingi nyuma yake. Mkurugenzi anaandika nini? Anaandika hivi:

«Ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu ya hali ya juu na anayeshirikiana vizuri na wenzake. Nampendekeza bila kusita.»

Hakuna uongo hapo, lakini hakuna mtu pia. Sentensi hizo ukimbandika nazo dereva wa daladala zinamkaa. Sasa linganisha na hii, mfano nilioutunga mwenyewe, kutoka kwa msimamizi wa zamu:

«Alifanya kazi chini yangu miezi 19, zamu ya usiku. Usiku mmoja mzee mwenye ugonjwa wa kusahau aligoma kuoshwa, akampiga kofi. Alitoka nje kidogo, akarudi, akavuta kiti kando ya kitanda, akaanza kumuuliza habari za ng'ombe aliowafuga zamani. Dakika 40 baadaye mzee alikuwa ameoshwa na amelala. Asubuhi nilikuta tukio lote limeandikwa kwenye faili, pamoja na kosa lake mwenyewe: aliingia bila kubisha hodi. Nimesimamia wasaidizi zaidi ya 20. Ambao ningewaachia wadi nzima ni 3, na yeye ni mmojawao.»

Ona jinsi lile kosa la kutobisha hodi lilivyofanya kazi. Mwandishi asingelitaja, habari ya ng'ombe ingebaki kisa kizuri tu. Alipolitaja, msomaji kwenye kamati anaamini na yale mengine. Barua isiyo na doa hata moja ni kama shahidi aliyekaririshwa.

Shida ni kwamba bosi wa zamani amesahau. Amepita na watu wengi tangu uondoke, na kisa cha mzee wa ng'ombe unakikumbuka wewe. Kwa hiyo kazi yako ni kumkumbusha: ukurasa mmoja wa dondoo wenye tarehe zako za kazi, majukumu, na matukio mawili matatu aliyoyashuhudia. Narudia, aliyoyashuhudia yeye. Majina ya wagonjwa usiyaandike popote. Marekani siri za mgonjwa zinalindwa kwa sheria ya HIPAA ya 1996, na mwombaji wa udaktari anayemwaga majina ya wagonjwa kwenye dondoo zake ameshajiandikia barua mbaya. Ongeza wasifu wako, maelezo yako ya kwa nini unataka udaktari hata kama bado ni rasimu, na tarehe ya mwisho.

Kuomba kwenyewe je? Bosi wa Kimarekani utamwandikia barua pepe fupi ukimwita kwa jina la kwanza, na hakuna atakayeshangaa. Lakini wapo wanaoomba kwa bosi aliyebaki nyumbani, mathalani metroni wa hospitali walikofanyia kazi kabla ya kuhama, na huko mambo yana mpangilio wake. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kwenda hivi:

«Shikamoo Metroni. Za siku nyingi, na za hapo wadini? Ni yule kijana wako wa wadi ya watoto, 2021 hadi 2023. Mwaka huu naomba kuingia chuo cha udaktari huku Marekani, na wanataka barua ya mtu aliyenisimamia na kuniona kazini kwa macho yake. Nimekufikiria wewe kwanza. Naomba kujua kama unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua nzuri, na kama utapata nafasi kabla ya mwisho wa Mei. Ukiona muda umebana nitaelewa kabisa. Ukikubali nitakutumia dondoo zote usihangaike kukumbuka.»

Maneno «unanifahamu vya kutosha» ndiyo mlango wa kutokea. Mtu asiye na la kusema juu yako anautumia mlango huo kwa heshima, na wewe unaepuka barua ya baridi, ambayo ni hatari kuliko kutokuwa na barua. Kisha sikiliza jibu kwa sikio la Kiswahili. Mkubwa wetu ni nadra kukuambia hapana. Atasema «sawa mwanangu, tutaangalia», au «Inshallah, nikumbushe wiki ijayo», na wiki ijayo itakuwa vivyo hivyo. Ukijibiwa hivyo, shukuru, tafuta mwingine. Anayekubali kweli huuliza: «Mwisho lini? Naituma wapi?»

Lipo jibu la tatu, na nadhani kila aliyewahi kuomba barua Afrika Mashariki amekutana nalo: «Andika mwenyewe, lete nisaini.» Anayesema hivyo hana nia mbaya, ana kazi nyingi. Ila usikubali. Barua ni ushuhuda wake, na ukijiandikia umejitungia shahidi. Na hata ukiweka maadili pembeni, mwandiko wa fikra zako utajulikana, kwa sababu kamati inasoma barua hiyo bega kwa bega na maelezo uliyoyaandika wewe. Mwambie kwa upole: «Metroni, wanataka maneno yako, nami sitakiwi kuiona. Nikutumie dondoo, hata ukurasa mmoja unatosha.»

Na kweli, hutakiwi kuiona. Sheria ya Marekani ya 1974 inayolinda kumbukumbu za wanafunzi, FERPA, inampa mwanafunzi haki ya kusoma barua zilizoandikwa juu yake, lakini pia inamruhusu kuiacha haki hiyo. Mwombaji huulizwa kama anaiacha, na desturi ni kuiacha, kwa kuwa kamati inaiamini zaidi barua ambayo mhusika hakuisoma. Ndiyo maana pia hupakii barua mwenyewe. Kwa AMCAS unaingiza jina la mwandishi kwenye fomu, mfumo unatoa karatasi ya ombi yenye namba yako ya AAMC na namba ya barua, unampelekea mwandishi, naye anaipakia moja kwa moja. Akiniuliza mtu kwa nini barua yake haikufika, swali langu la kwanza huwa ni hizo namba mbili.

Barua iwe kwenye karatasi yenye nembo na anwani ya ofisi, iwe na tarehe na saini. Muhuri, ambao kwetu karatasi bila huo ni kama kitambaa cha kufungia maandazi, kule haumshtui mtu. Ukigongwa hauharibu kitu. Lugha iwe Kiingereza, na mwandishi aielekeze kwa kamati ya udahili, maana «Kwa Yeyote Anayehusika» inanukia barua ya kutafutia kazi.

Kikwazo kimoja kinawashangaza wengi. Kampuni nyingi za Marekani zimewakataza mameneja kuandika barua za namna hii. Ofisi ya rasilimali watu inathibitisha tarehe na cheo tu, kwa kuogopa kesi. Bosi akikwambia hivyo hajakuchukia. Muulize kama sera inamruhusu kuandika kwa jina lake binafsi, au kama yupo msimamizi aliyekwisha kuhama kampuni. Aliyehama au kustaafu bado ni shahidi wako. Aandike alipo, aeleze alikuwa nani kwako wakati ule. Shahidi asiyefaa ni mjomba, hata kama kweli ulimuuzia kwenye duka lake la dawa miaka mitatu.

Kuhusu muda: anayetaka kuanza masomo Agosti 2027 anatuma maombi kuanzia mwishoni mwa Mei au Juni 2026, kwa hiyo amwombe mwandishi Februari au Machi. AMCAS huanza kuhakiki maombi bila kusubiri barua, lakini chuo kinaweza kukuacha pembeni hadi zifike. Kama unaacha kazi leo na udaktari bado uko mbali, omba sasa, bosi akiwa bado anakumbuka. Huduma kama Interfolio hutunza barua ya siri kwa ajili hiyo, ingawa vyuo vingine vinataka iliyoandikwa karibuni, hivyo utarudi kumwomba abadilishe tarehe na kuongeza mstari. Kumbusha mara moja wiki mbili kabla, mara ya pili siku tatu kabla, basi. «Chai» usitume kabla ya barua, hata kama kwenu ni kawaida na hata kama ni elfu kumi tu ya vocha. Ikishapakiwa, mpigie umshukuru kwa sauti yako, na majibu ya vyuo yakitoka mwambie, hata yakiwa ya kukataliwa, kwa sababu huenda mwakani ukamrudia.