Je, wajua kwa nini jini wa taa hutoa haja tatu tu?

Katika hadithi ya Aladini ilivyochapwa mara ya kwanza, jini wa taa hana hesabu. Njaa ikibana, taa inasuguliwa na chakula kinakuja kwenye sahani za fedha. Aladini akitaka kumposa binti mfalme, inasuguliwa tena, na mahari yanapita mjini yamebebwa na msafara wa watumwa. Akitaka kasri, linasimama kwa usiku mmoja. Hakuna mahali jini anapomwambia kwamba amebakiwa na haja moja. Sharti la haja tatu, ambalo leo hata mtoto analijua, lilitoka kwingine.

Hadithi yenyewe ina safari yake. Mfaransa Antoine Galland alianza kuchapisha Alfu Lela Ulela kwa Kifaransa mwaka 1704, akifuata hati ya Kiarabu iliyotoka Syria. Hati ikamwishia huku wasomaji bado wanataka zaidi. Mwaka 1709, mjini Paris, akakutana na Hanna Diyab, kijana Mmaroni (Mkristo wa kanisa la Wamaroni) kutoka Aleppo, Syria, ambaye alimsimulia hadithi kadhaa, zikiwemo za Aladini na Ali Baba. Galland aliiandika mikutano hiyo katika shajara yake, ila jina la Diyab hakulitia vitabuni. Hati za Kiarabu za Aladini zilizojitokeza baadaye zilikuja kugundulika kuwa zimetafsiriwa kutoka Kifaransa cha Galland. Na wanaodhani visa vya Aladini vilitokea Baghdad washangae kidogo: Aladini wa Diyab ni kijana wa Uchina.

Namba tatu, hata hivyo, imo ndani ya Alfu Lela Ulela, katika hadithi kongwe zaidi ya mvuvi na jini. Mvuvi anaopoa mtungi wa shaba uliozibwa kwa risasi na kupigwa muhuri wa Nabii Suleiman. Anaufungua. Jini anatoka, na badala ya kushukuru anamtaka mvuvi achague namna atakavyokufa. Kisha anajieleza. Karne ya kwanza ya kifungo aliapa kumtajirisha atakayemtoa. Karne ya pili akaapa kumfunulia hazina zote za ardhini. Baadaye akaapa kumfanya mfalme na kumtimizia haja tatu kila siku. Hakutokea mtu. Basi akakasirika, akaapa kumuua yeyote atakayekuja. Kwa hiyo haja tatu zilikuwepo kweli, lakini ni ahadi iliyochacha kabla mwenye kuipokea hajafika, na mvuvi hakuionja. Alichofanya ni kumhadaa jini arudi mtungini, kwa kumwambia kwamba haamini mwili mkubwa namna ile uliwahi kuenea mle ndani.

Huko Ulaya, ngano za haja tatu zilikuwa zimeenea kitambo, na wala hazikuhitaji jini. Mwaka 1693 Charles Perrault alitoa hadithi kwa mashairi kuhusu mkata kuni anayepewa haja tatu na Jupiter, mungu wa Warumi. Akiwa amekaa karibu na moto, anatamka bila kufikiri kwamba angependa soseji, na soseji inakuja. Mkewe anamfokea kwa kupoteza bahati. Kwa hasira mume anatamani soseji ile imgande mke puani, na inamganda. Haja ya tatu inaishia kuibandua. Hiyo ndiyo kazi ya namba tatu katika ngano za aina hii: ya kwanza inapotea kwa ujinga, ya pili inaleta balaa, ya tatu inasafisha.

Karne ya ishirini sinema ikavifunga vitu hivi viwili pamoja. Katika filamu ya mwaka 1940 kuhusu mwizi wa Baghdad, kijana Abu anamtoa jini kwenye chupa, jini anataka kumuua, Abu anamhadaa arudi ndani, yote kama ya mvuvi. Ila safari hii jini anajikomboa kwa kuahidi haja tatu, na anazitoa. Haja ya kwanza ya Abu? Soseji. Mwaka 1992 Disney ikaweka haja tatu ndani ya taa ya Aladini na kuongeza masharti: jini haui, halazimishi mapenzi, wala hafufui wafu. Toleo hilo likaizidi nguvu hadithi ya Diyab kichwani mwa watazamaji.

Sababu ya kisanaa ya kuweka idadi inaeleweka. Shujaa anayeweza kuomba lolote, wakati wowote, hana cha kuhangaikia, na msomaji naye hana cha kusubiri. Lakini Diyab na Galland walikuwa na breki zao, na kwangu mimi ni breki bora kuliko hesabu. Taa humtumikia yeyote anayeishika. Ndiyo maana mchawi wa Maghrebi, yaani wa Afrika Kaskazini, anapita akitangaza kwamba anabadilisha taa kuukuu kwa taa mpya, binti mfalme asiyejua lolote anaitoa, na kasri zima linahamishiwa Afrika. Aladini anamwita jini wa pili, wa pete aliyoivaa kidoleni, alirudishe. Jini huyo anajibu kwamba hilo limepita uwezo wake, kwani ni kazi ya mtumwa wa taa. Anachoweza ni kumpeleka Aladini hadi penye kasri. Na kuna siku Aladini, kwa kudanganywa, anaagiza yai la rukh, ndege mkubwa mno wa hadithini, litundikwe kwenye kuba la kasri. Jini wa taa anapiga ukelele hadi jengo linatikisika: vipi anaambiwa amlete bwana wake na kumtundika? Kumbe mtumwa huyu ana bwana mwingine, ana utii wake, na kuna amri asiyoikubali.

Hapo ndipo harufu ya majini wa asili inapobaki. Katika Qurani majini wameumbwa kwa moto, na Sura ya 72, inayobeba jina lao, inawasikiliza wakisema wenyewe kwamba miongoni mwao wamo walio wema na wasio wema. Wanaoonekana wakifanya kazi kwa amri ya binadamu ni waliotiishwa kwa Suleiman, wakimjengea alichotaka. Suleiman anafariki akiwa ameegemea fimbo, nao wanaendelea kutumika bila kujua, mpaka mdudu anaila fimbo na mwili unaanguka. Majini hao hawajui ghaibu, na kazi yao ni adhabu, si ukarimu.

Riwaya za fantasia za miaka ya karibuni zimerudi kuchota huko. Helene Wecker, mwaka 2013, alimwandika jini anayetoka kwenye chupa ya shaba katika mtaa wa Wasyria mjini New York mwaka 1899. Ana pingu ya chuma mkononi, hatoi haja yoyote, na inambidi ajifunze kazi kwa fundi wa bati aliyemfungua. S. A. Chakraborty, mwaka 2017, aliwapa majini mji wao wenye makabila, wafalme na chuki za vizazi. P. Djèlí Clark, katika riwaya ya 2021 iliyoshinda Nebula, tuzo ya fasihi ya fantasia na sayansi ya kubuni, anawaweka Cairo ya mwaka 1912 kama wakazi wa kawaida: wana kazi, wana mapenzi, na serikali ina wizara inayoshughulikia mambo yao. Jiji hilo halitikiswi na mtu mwenye taa. Linatikiswa na muhuri wa Suleiman, kwa sababu anayeushika anaweza kumnyang'anya jini hiari yake.