Je, wajua jinsi wataalamu wanavyotafuta sura ya manowari isiyo na picha?

Ramani ya ujenzi wa CSS Georgia, manowari ya kivita iliyofunikwa kwa chuma, haijapatikana mpaka leo, wala hakuna picha yake hata moja. Cha ajabu, kwa karibu miaka 30 watu waliamini picha ipo. Ilichapishwa vitabuni, na hata kitengo cha historia cha Jeshi la Majini la Marekani kiliiweka kwenye tovuti yake.

Meli yenyewe ilijengwa mjini Savannah, jimbo la Georgia, mwaka 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani. Majimbo ya Kusini yaliyojitenga yalikuwa yamezibiwa bandari na manowari za Kaskazini, na wanawake wa Georgia wakachangisha takriban dola 115,000 ili jimbo lao lipate meli ya kujikinga. Bamba nene za chuma zilikuwa adimu Kusini, kwa hiyo mafundi walichukua reli za treni, wakazipanga zikibanana juu ya kuta nene za mbao zilizojengwa kimshazari ili makombora ya adui yateleze. Ujanja mzuri, ila uzito uliishinda injini. Georgia ikashindwa kwenda popote kwa nguvu zake, ikatiwa nanga katika Mto Savannah, karibu na ngome ya Fort Jackson, iwe kama ngome inayoelea. Haikuwahi kupigana. Desemba 1864, jeshi la Jenerali Sherman wa Kaskazini lilipoukaribia mji, mabaharia waliizamisha kwa mikono yao.

Walioiona enzi hizo waliandika na kuchora, lakini maelezo yao hayapatani. Kuna anayeipa urefu wa futi 150, kuna anayefika futi 250. Na kana kwamba hilo halitoshi, Kusini walikuwa na meli nyingine yenye jina hilohilo, iliyonunuliwa Uskoti, hivyo mtafiti akikuta “Georgia” kwenye barua ya zamani lazima kwanza ajue ni ipi.

Pengo hilo ndilo lililoipa nafasi ile picha. Miaka ya 1980 mtu mmoja alidai ameikuta picha ya kale ikiuzwa pamoja na vitu vya zamani uani kwa mtu, bei ikamshinda, akaipiga picha tu. Ilikuwa na ukungu, meli ikionekana kwa mbali. Naamini ukungu huo ndio uliowashawishi wengi, maana picha safi ingeulizwa maswali mapema. Picha ya awali haikuonekana kamwe. Mwaka 2015, wataalamu walipoifuatilia tena, mwenyewe akakiri: alipokuwa kijana alitengeneza kimeli cha urefu wa kama futi mbili, akakipiga picha majini, na ndugu yake akasimama pembeni amevaa kofia ya majani.

Mwaka huohuo ushahidi wa kweli ulikuwa ukitolewa mtoni. Mabaki yalikuwa yamegunduliwa mwaka 1968 na mashine ya kuchimba kina cha mto, ambayo kwa bahati mbaya iliyaharibu pia. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kilipotaka kuongeza kina cha bandari ya Savannah, kililazimika kuyaondoa kwanza. Wapiga mbizi walifanya kazi kwa kupapasa, kwani maji yale ya tope hayaruhusu kuona hata mkono wako. Wakatoa mizinga, rafadha ya kuisukuma meli, vipande vya mitambo, na sehemu kubwa za kuta ambazo reli zake bado zilikuwa zimeshikamana.

Vipande hivyo vya kuta vina thamani kuliko mchoro wowote wa gazeti la wakati ule, kwa sababu vinaonyesha jinsi reli zilivyolazwa na kufungwa kwenye mbao. Kiunzi cha chini ndicho kilichobaki tatizo. Sehemu hiyo ya mbao karibu yote imetoweka, na bila hiyo ule ubishi wa futi 150 au 250 haumaliziki.