Chuo kilichofukuzwa kwa kushinda, na dhana nyingine potofu kuhusu futiboli ya vyuo vidogo Marekani

Ukitaja futiboli ya vyuo vya Marekani, wengi wanawaza viwanja vya watazamaji laki moja, makocha wanaolipwa mamilioni ya dola na vijana wanaosubiri zamu yao ya kuingia NFL, ligi ya kulipwa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa vyuo vichache. Jumamosi hiyohiyo, mamia ya vyuo vidogo navyo vinashuka uwanjani, na shabiki aliyelelewa na Ligi Kuu akiwatazama kwa mazoea yake atakosea karibu kila kitu. Mfano wangu ni MIAC, konferensi ya vyuo vya jimbo la Minnesota iliyoanzishwa mwaka 1920, kwa sababu hapo ndipo palipotokea kisa ambacho sijakiona katika mchezo mwingine wowote.

"Timu ikifungwa sana inashuka daraja"

Hakuna daraja la kushukia. Konferensi ni umoja wa vyuo ambavyo marais wake wamekubaliana kucheza pamoja. Wanaunganishwa na ujirani, kwa kuwa nauli ya basi ina mwisho wake, na kwa kuwa vyuo vyenyewe vinafanana kwa ukubwa na malengo. Hata ndani ya jimbo moja safari si fupi: kutoka Northfield, vilipo vyuo vya Carleton na St. Olaf, hadi Moorhead, mpakani na North Dakota, ni zaidi ya kilomita 400.

Macalester, chuo cha mjini St. Paul alichosoma Kofi Annan, kilifungwa mechi 50 mfululizo kati ya 1974 na 1980. Mkosi ulikatika siku walipokifunga chuo cha Mount Senario 17–14. Baada ya msimu wa 2001 Macalester ilijiondoa yenyewe kwenye futiboli ya MIAC, na mwaka 2021 ikarudi. Muda wote huo hakuna aliyeifukuza.

Aliyefukuzwa ni mshindi. University of St. Thomas ilikuwa miongoni mwa vyuo saba vilivyoiasisi MIAC. Mwaka 2007 timu yake ya futiboli ilishinda mechi mbili tu. Mwaka uliofuata akaja kocha Glenn Caruso, na ndani ya miaka michache wakawa wanacheza fainali ya taifa: 2012, kisha 2015, zote wakifungwa na chuo cha Mount Union cha Ohio. Nyumbani ikawa hawashikiki. Msimu wa 2017 waliichapa St. Olaf 97–0.

Matokeo hayo yalizua zogo, lakini si hayo peke yake yaliyowatoa. St. Thomas kilikuwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza zaidi ya 6,000, karibu mara mbili ya chuo kilichokifuatia kwa ukubwa, na kilikuwa kinatawala michezo mingine pia. Vyuo vingine vilianza kunong'ona kuhusu kujitoa. Mei 2019 ikatangazwa kwamba St. Thomas kitaondolewa bila ridhaa yake, na sababu iliyoandikwa ni usawa wa ushindani. Kilipewa muda hadi mwaka 2021 kutafuta pa kwenda.

Mimi naona marais wale walikuwa na haki yao, ingawa uamuzi wenyewe una sura mbaya. Timu inayofungwa 97–0 ni ya vijana ambao asubuhi ya Jumatatu wana mtihani wa kemia, na konferensi ni makubaliano, si hukumu ya mahakama. Ila tusijidanganye kwamba walichofanya kinahusu usawa tu. Kama vyuo vitano au sita vingeondoka pamoja, umoja mzima ungevunjika, na kumtoa mmoja kulikuwa rahisi zaidi.

"Divisheni III ni ngazi ya chini, ukifanya vizuri unapanda"

NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, iligawa vyuo katika divisheni tatu mwaka 1973; vya MIAC viko ya tatu. Chuo ndicho kinachochagua kinataka kuendesha michezo kwa namna gani, kwa bajeti gani na kwa masharti gani. Bingwa wa Divisheni III hapandi kwenda II. Mwakani anaanza upya palepale. Mount Union imetwaa ubingwa wa taifa mara 13 tangu 1993 na bado iko Divisheni III, wala haina haraka ya kuondoka.

Hata St. Thomas, kwa nguvu zake zote, hakikuweza kubeba mabegi na kuhamia Divisheni I. Kanuni hazikuruhusu kuruka moja kwa moja kutoka III, hivyo kikalazimika kuomba kibali maalumu, na NCAA ikakitoa Julai 2020.

"Ukisajiliwa kucheza, unasoma bure"

Hapa ndipo familia nyingi zinapoumia, zikiwemo za kwetu zilizohamia huko, kwa hiyo niseme bila kuzunguka. Divisheni III hairuhusiwi kutoa ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Kocha anaweza kumpigia kijana simu, kwenda kumtembelea nyumbani, kumwalika chuoni na kumpa jezi apige nayo picha. Kumpa dola moja kwa ajili ya futiboli hawezi.

Hiyo haina maana kwamba hakuna msaada. Wengi wa wanamichezo wa divisheni hii wanapata punguzo au ruzuku, lakini inatokana na alama zao za sekondari au na kipato cha wazazi, kwa vigezo vilevile anavyopimwa mwanafunzi ambaye hajawahi kugusa mpira. Mchezaji akiacha timu mwaka wa pili, msaada huo hauondoki naye. Hilo ni jambo jema ambalo mwenzake wa Divisheni I mara nyingi hana uhakika nalo.

Na ada si za mchezo. Carleton na Macalester zimeshavuka dola 60,000 kwa mwaka kabla ya chakula na malazi. Ni wachache wanaolipa kiasi chote, lakini mwanafunzi aliyeingia kwa viza hastahili ruzuku za serikali ya shirikisho, hivyo anategemea chuo chenyewe au mfuko wa familia. Akija wakala akikuambia amemtafutia mwanao skolashipu ya futiboli katika chuo cha Divisheni III, basi ama hajui anachokisema au anakujua wewe vizuri kupita kiasi.

"Chuo kidogo, timu ndogo"

Saint John's kiko Collegeville, kimeanzishwa na watawa wa Kibenedikto, na kina wanafunzi wa kiume wapatao 1,500. Wasichana wanasoma chuo pacha, Saint Benedict, kilomita chache kutoka hapo. Timu yake ya futiboli huzidi wachezaji 100, na zamani ilipita 150. Linganisha na vyuo vikubwa vilivyokubali utaratibu mpya wa kulipa wachezaji kuanzia msimu wa 2025: vimewekewa kikomo cha wachezaji 105. Yaani kijichuo cha msituni Minnesota kinaweza kuwa na kikosi kipana kuliko Ohio State.

Siri yake ni ya kihasibu. Vyuo binafsi vidogo vinahangaika kupata wanafunzi, hasa wa kiume. Kijana anayetaka kucheza miaka minne zaidi baada ya sekondari atachagua chuo kitakachompa nafasi hiyo, na atakuja akilipa ada. Mia wa namna hiyo wanaweza kuwa tofauti kati ya chuo kubaki wazi na chuo kufunga milango. Ndiyo maana katika miaka ambayo watu wanasema futiboli inakufa kwa hofu ya majeraha ya kichwa, vyuo vidogo kadhaa vimekuwa vinaanzisha timu mpya. Kocha kule ni nusu mwalimu wa mchezo, nusu ofisa udahili.

"Bila kuumizana mazoezini huwezi kushinda"

John Gagliardi alikuwa na umri wa miaka 16 mwaka 1943, mjini Trinidad, Colorado, kocha wa shule yao alipochukuliwa jeshini. Timu ilikuwa karibu kuvunjwa. Yeye akajitolea kuifundisha, na jambo la kwanza alilofanya ni kufuta yote aliyoyachukia kama mchezaji: mazoezi ya viungo ya kukomoana, kugongana bila sababu, kocha kupiga kelele.

Alipofika Saint John's mwaka 1953 alikuwa na orodha ndefu ya marufuku. Mazoezini hakuna kukabana na kuangushana. Hakuna kipyenga. Hakuna mtu kumwita kocha. Aliitwa John, na mtoto wa mwaka wa kwanza naye alimwita John. Mazoezi yalikuwa mafupi, na mwisho wa siku wachezaji walikuwa bado na miguu ya kuwapeleka maktaba.

Wenzake walimwona mwendawazimu, mpaka wakahesabu. Alitwaa ubingwa wa taifa 1963, 1965, 1976 na 2003. Novemba 2003 alipata ushindi wa 409, akampita Eddie Robinson, kocha wa chuo cha Grambling, na kabla yake hakuna kocha wa futiboli ya vyuo aliyewahi kufika pale. Fainali ya mwaka huo ndiyo tamu zaidi: Saint John's waliifunga Mount Union 24–6, timu iliyokuwa imeshinda mechi 55 mfululizo. Alistaafu 2012 akiwa na miaka 86 na ushindi 489, na akafariki 2018.

Miongo mingi baada ya yeye kuanza, utafiti wa mtikisiko wa ubongo ukaanza kuwatisha wakubwa. Chuo cha Dartmouth kiliacha kuangushana mazoezini mwaka 2010 chini ya kocha Buddy Teevens, na 2016 Ivy League nzima, konferensi yao wakiwa na vyuo kama Harvard na Yale, ikapiga marufuku jambo hilo katika mazoezi ya msimu. Liliitwa wazo jipya. Sawa.

"Mechi hizo hazina watazamaji"

Nyingi hazina, kweli: wazazi, wapenzi wa wachezaji, mzee mmoja wa darasa la 1962. Lakini Septemba 2017 St. Thomas na Saint John's, watani wa jadi, walikodi uwanja wa besiboli wa Target Field mjini Minneapolis na wakaingia watu 37,355, rekodi ya Divisheni III.

"Wamarekani na mita, mbali kabisa"

Septemba 1977, mjini Northfield, Carleton na St. Olaf walicheza mechi kwenye uwanja uliopimwa kwa mita badala ya yadi, kwa wazo la mwalimu wa kemia wa Carleton. Uwanja ulikuwa na urefu wa mita 100, na urefu wa wachezaji ukatangazwa kwa sentimita. St. Olaf wakashinda 43–0. Haikurudiwa.

"Kutoka huko hakuna anayefika NFL"

Ni wachache mno, lakini si sifuri. Ali Marpet wa chuo cha Hobart alichaguliwa wa 61 mwaka 2015, timu za NFL zilipogawana wachezaji wapya, nafasi ya juu kuliko mchezaji yeyote wa Divisheni III kabla yake, na baadaye akatwaa Super Bowl, fainali ya NFL, na timu ya Tampa Bay. Ben Bartch alitoka Saint John's kwenda timu ya Jacksonville mwaka 2020, raundi ya nne. Kwa makocha njia ni pana zaidi: Nick Sirianni, aliyeipa Philadelphia Super Bowl ya Februari 2025, alikuwa mpokea pasi wa Mount Union.

Wengine wote wanacheza mechi zao kumi, kuanzia Septemba hadi katikati ya Novemba, na bingwa wa konferensi anapata tiketi ya mtoano wa taifa. Mwaka 2024 mtoano huo uliongezwa kutoka timu 32 hadi 40, na fainali ikasogea hadi Januari 5, 2025, mjini Houston, ambako North Central ya Illinois iliifunga Mount Union 41–25.

Na St. Thomas? Kilijiunga na Pioneer Football League, konferensi ya Divisheni I, mwaka 2021, na mwaka uliofuata tu kikatwaa ubingwa wake. Pioneer nayo haitoi ufadhili wa futiboli.