Silikoni nyekundu haizibi ukuta wa moto

Anayejijengea ndege gerejini kwake Marekani, akifika kwenye ukuta wa moto, huwa na matundu chungu nzima ya kuziba. Ukuta huo ni bati jembamba la chuma cha pua linalotenga injini na miguu ya rubani. Unene wake unaweza kuwa milimita 0.38 tu. Linapitiwa na nyaya za umeme, mpira wa mafuta, kebo ya akselereta na hewa ya hita. Na kila tundu lina fundi wake wa maneno.

Dhana: Silikoni nyekundu ya "joto kali" kutoka duka la vipuri vya magari inatosha.

Hii ndiyo inayodanganya wengi. Silikoni ile ni ya gasketi za injini, na kwa kawaida huhimili nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Kipimo cha ukuta wa moto kinachotumiwa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ni nyuzi 2000 za Farenhaiti, takriban 1093 za Selsiasi, kwa dakika 15. Ndege ya kujijengea haibanwi na kanuni zote za ndege za kiwandani, lakini petroli ni ileile. Paka silikoni hiyo kwenye kipande cha bati, iache ikauke kabisa, kisha ukiwa nje ipige moto wa tochi ya gesi. Itapasuka, itafuka moshi, na kitakachobaki ni unga mweupe unaopeperuka ukiupuliza. Jaribio hilo si la maabara, ila litakutoa tongotongo.

Silikoni zinazonuka siki zikikauka ziache kabisa: hiyo harufu ni asidi, na inakula metali.

Dhana: "Kuhimili moto" na "kutoungua" ni mamoja.

Katika lugha ya usafiri wa anga, la kwanza ni dakika 5 na la pili ni dakika 15. Soma kopo vizuri.

Dhana: Dawa za kuzibia moto majengoni hazina kazi kwenye ndege.

Si kweli moja kwa moja. 3M Fire Barrier 2000 ni ya majengo, na wajenzi wengi wameitumia. Ila saa za kukinga moto zinazoandikwa kwenye kopo zilipimwa kwenye ukuta mnene, si bati linalotetemeka na kulowa oili. Mimi ningenunua iliyotengenezwa kwa kazi hii, kama Pro-Seal 700.

Dhana: Dawa nyingi hufidia tundu kubwa.

Dawa huziba ufa. Tundu huzibwa na chuma. Mpira au plastiki inayoshika nyaya itayeyuka, na donge la dawa litadondoka nayo. Hali kadhalika kisanduku cha hita cha alumini: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na hapo moto umepata mlango upana wa bomba la hita. Weka cha chuma cha pua. Nyaya zipitishe kwenye shingo ya chuma, uzivike soksi ya kukinga moto, kisha dawa ipakwe kwenye kingo.

Ukimaliza, subiri usiku. Washa taa upande wa injini, zima nyingine zote, ingia uinamie kwenye pedali. Angalia hasa pembeni, bati linapokutana na fremu. Panapopenya mwanga, hata moshi wa ekzosi wenye kaboni monoksidi utapenya.