Bomba la sindano linatoa mafuta, mrija wa dripu unatoa tindikali

Watu wakisikia plastiki inageuzwa mafuta wanaulizia moto kwanza, tanuri gani, joto kiasi gani, nani atachomelea. Mimi ni mkemia, na hapa Kigoma kila anayenijia na wazo la kutumia taka za hospitali namrudisha kwenye ndoo ya taka kule wodini, maana kazi inaharibikia pale.

Iko hivi. Bomba la sindano ni polipropilini, chupa nyingi za dripu ni polithini, na hizo mbili ni kaboni na haidrojeni basi. Ukizifungia kwenye tanki la chuma lisiloingiza hewa ukazipasha nyuzi 400 mpaka 500 haziungui, oksijeni haipo, ila minyororo yake mirefu inakatikakatika inakuwa mvuke, mvuke unapita kwenye bomba lililopoozwa na maji kama wapika gongo wanavyofanya, na huku mwisho yanadondoka mafuta. Kwenye mtambo mzuri kilo moja safi inakaribia kutoa lita moja. Gesi isiyogeuka kimiminika unairudisha chini ya tanki iendeleze moto.

Sasa mrija wa dripu na mfuko wa damu mara nyingi ni plastiki nyingine, PVC, ina klorini nyingi mno. Ikipita nyuzi 200 inaanza kutoa haidrojeni kloridi, ikikutana na unyevu ni tindikali, inakula bomba, inakula valvu, inaharibu na mafuta yenyewe. Na ukiichoma ovyo shimoni nyuma ya zahanati ndo balaa kabisa, inazaa dioksini, sumu zile za Mkataba wa Stockholm wa 2001, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti sumu zinazodumu, na moshi wanaovuta ni wagonjwa na watoto wa majirani. Hili linaniuma sana jamani.

Kuzitenganisha mbona inawezekana! Kwanza taka yenye damu isiguswe mpaka ipite otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa nyuzi 121 za mvuke wenye presha, na sindano zenyewe ziwe zimeshaondolewa. Halafu kata vipande vidogo visibaki na hewa ndani, mwaga kwenye ndoo ya maji, koroga vizuri. Polipropilini na polithini zinaelea, PVC inazama, na PET, plastiki ya chupa za maji ya kunywa, nayo inazama, afadhali, maana hiyo ikipashwa inatoa unga mweupe unaoziba mabomba. Kipande ukikitilia shaka chukua waya wa shaba, uchome mpaka uwe mwekundu, ukiguse nao, urudishe kwenye moto: mwali ukiwa kijani ujue kuna klorini. Fanyia nje, usivute ule moshi. Glavu zilizomo kwenye taka mimi naweka kando zote, siziingizi tankini.

Wavuvi wa Kibirizi wananiuliza kama yanafaa kwenye injini za boti. Hapana, bado. Yakitoka hapo ni mchanganyiko wa petroli, dizeli na nta, yanaacha gundi kwenye injini, yanataka kuchujwa kwa joto tena na kupimwa maabara. Kwa sasa yaende kwenye bana, yaani kichomeo, ya boila ya hospitali hiyohiyo, na kwenye jiko la mafuta ya taa msiyatie hata kidogo, ile sehemu ya petroli inalipuka.